Kuku wa Muhogo na Mlonge

3 Machi

Naandika kwa sababu nikisema naambiwa napiga kelele. Karatasi haina mama mkwe.

Leo tumekaa kikao sebuleni, wote wanne, na mwanangu Bonge mapajani akinitafuna kola. Jambo lenyewe ni banda langu la kuku. Banda liko kwenye kiwanja cha mama mkwe, nyuma ya choo. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Amechoka kufanyia kazi kibarazani kwa watu na analitaka liwe karakana. Hoja yake ni kwamba kundi lililopita halikutuachia kitu. Kweli halikutuachia. Kuku walikula, mwenye duka la chakula cha kuku akala, sisi tukabaki na mbolea.

Nikasema safari hii chakula nachanganya mwenyewe. Muhogo ninao, niliukausha wote kabla mvua hazijaanza. Soya nimevuna. Mashudu ya alizeti yapo kwa wakamuaji mafuta, wanataka tu mtu wa kuyabeba. Mlonge umejaa uani, majani yake nayakausha kivulini. Cha kununua ni mahindi kidogo, chokaa, chumvi na pakiti ya madini na vitamini. Haya sikuyaota. Nilikaa kwenye mafunzo ya ufugaji nikiwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, naandika.

Shemeji akasema, "Majani? Shemeji, hao ni kuku au mbuzi?"

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Kicheko chake ndicho nilichokisikia.

Mwisho tukakubaliana. Mnunuzi ni mpishi wa kantini ya hospitali. Akiwakubali kuku wangu siku ya kuwachukua, banda ni langu na halijadiliwi tena. Akiwakataa, shemeji anaingiza mashine zake. Mama mkwe akapiga goti lake kwa kiganja. "Imepita."

6 Machi

Vifaranga wamefika kwenye maboksi, wazima wote. Nimewawekea maranda makavu na jiko la mkaa katikati. Wiki hii ya kwanza wanakula chakula cha dukani, tumbo bado changa. Bonge anawapigia makofi.

9 Machi

Sijalala vizuri. Kuku hawana kosa, kosa ni jino la Bonge.

13 Machi

Nimekaanga soya yangu ya kwanza. Sufuria pana, moto wa wastani, mwiko hauachi kugeuka. Ukiacha kidogo inaungua upande mmoja na upande wa pili inabaki mbichi. Unajua imeiva ikigeuka rangi ya biskuti na ukiitafuna inakuwa tamu kama karanga. Soya mbichi ina uchungu wa jani na inanukia maharage yaliyolowekwa. Kwenye mafunzo walitusisitizia hili kuliko yote: soya mbichi ina kitu kinachofunga tumbo la kuku, anakula na hakimjengi, na dawa yake ni moto tu. Mkono unaniuma mpaka begani.

Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama. "Unaiua hiyo," akasema, akaondoka. Nilidhani anatania.

15 Machi

Wamekipenda! Nilianza kuwachanganyia kidogo kidogo na chakula cha dukani, leo wamepata changu kitupu, na wamekivamia kama wanafungua mfungo. Nimekaa kwenye ndoo niliyoigeuza, nikawatazama mpaka Bonge akaanza kulia ndani.

20 Machi

Wananenepa. Miguu inakuwa ya njano, kazi ya mlonge hiyo. Ukiwapa muhogo bila majani ya kijani miguu inapauka, na mnunuzi akiona weupe anasema kuku mgonjwa. Nilimwita mume wangu aje aone. Akaja na simu mkononi. "Safi, mama watoto, safi." Alimtazama kuku mmoja tu.

24 Machi

Mvua. Kuanzia alfajiri, haikati. Kuni zimelowa, na jikoni moshi umetanda huoni mlango.

Bonge kifua kimembana. Tumeshinda kliniki. Muuguzi amemsikiliza mgongoni, akanigeukia na sauti ya ukali: mtoto huyu asikaribie moshi hata kidogo. Nimerudi nawaza nitaikaangaje soya na kuni mbichi huku nimembeba mtoto anayekoroma.

Mama mkwe akanikuta natafuta sufuria. Akaninyang'anya. "Leta hapa. Wewe kaa na mwanao. Soya nitaishughulikia mimi, baba Bonge ataipeleka mashineni kusagwa."

Nusura nilie. Mwaka wa tatu niko nyumba hii, na hii ndiyo mara ya kwanza ananipokea mzigo. Nilimwambia jinsi ya kuikaanga, akaitikia, "Mm, mm." Huenda nimemhukumu vibaya mama wa watu.

26 Machi

Bonge ana nafuu. Mvua haina.

31 Machi

Kuku wanakula lakini hawaongezeki. Nilidhani ni macho yangu tu. Nimempakata mmoja, mfupa wa kidari unachoma kiganja. Kinyesi chao kimelainika, kinanata kwenye maranda kama uji uliopoa. Nimebadilisha maranda, nimesugua vyombo vya maji, nimewapa vitamini kwenye maji. Hakuna anayekoroma, hakuna aliyekufa. Wanakula kama kawaida, tena wanagombania.

3 Aprili

Hakuna mabadiliko. Wengine nyuma ya shingo manyoya hayajaota.

4 Aprili

Nimemkuta shemeji bandani na futi ya chuma. Anapima ukuta. Kuku wangu wamejikunyata pembeni.

"Shemeji, unatafuta nini humu?"

"Napima tu. Mashine ya kukatia itakaa hapa, meza pale. Huu mlango utapanuliwa."

"Mpishi hajaja."

"Akija atawakuta hawa?" Akamwelekezea futi kuku mmoja. "Huyu si wa kantini, huyu ni kidude cha kuning'iniza kwenye ufunguo." Akacheka peke yake, akaivuta futi ikajirudisha kwa kishindo, kuku wakaruka.

Nimemwambia mume wangu amwambie ndugu yake asiingie bandani kwangu. Akasema, "Anatania, unamjua." Namjua. Nataka na yeye anijue mimi.

6 Aprili

Leo mume wangu kaniambia kwa upole, huku ananipokea mtoto, "Labda tuachane na mambo ya majani. Umejitahidi, kila mtu ameona umejitahidi."

Nikamuuliza, "Umeona nini? Wiki mbili walikua vizuri kwa chakula hichohicho. Kimebadilika nini?"

Akaanza kumfuta Bonge mdomo. Mdomo wa Bonge ulikuwa mkavu.

7 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, maana nikiandika kama ninavyojisikia kalamu itatoboa karatasi.

Asubuhi nilikwenda stoo kuchanganya chakula. Mimi huchota unga wa muhogo, naweka mashudu, naweka majani, naweka soya, nageuza kwa koleo. Mtoto mgongoni, akili iko kwake, sijawahi kusimama kuonja tangu nilipokabidhi kazi. Leo Bonge alikuwa amelala ndani. Nikafungua gunia la soya iliyosagwa, nikachota kwa kidole, nikalamba.

Uchungu wa jani. Maharage yaliyolowekwa.

Nikachota chini ya gunia. Vilevile. Nikasimama pale nimetoa ulimi kama mtoto aliyelamba sabuni.

Mume wangu alikuwa uani anaosha viatu. Nikamwendea, nikamwonyesha kidole. "Onja."

"Nini hii?"

"Onja."

Hakuonja. Hakuuliza tena ni nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Habari ikatoka kipande kipande. Mama hakuikaanga. Aliianika tu juu ya majiko mpaka ikakauka, akaifunga guniani, na mume wangu akaibeba mashineni. Tangu gunia la kwanza. Alijua tangu gunia la kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama anaamini kukaanga kunaharibu. Ningekuambia ungemfuata, mngegombana, na mtoto mgonjwa."

"Na kuku ulipowaona wameacha kukua?"

"Sikuwa na uhakika ni soya."

"Ukaniambia ni majani. Ukanipokea mtoto, ukaniambia nimejitahidi."

Akashusha sauti, akatazama upande wa jikoni. "Tafadhali, mama watoto. Mama mtu mzima. Ukimwambia ameharibu utamvunja moyo. Tuseme tu majani hayakufaa. Msimu mwingine nitakujengea banda lako mahali pengine, nakuapia."

Tuseme majani hayakufaa! Yaani nimwache ndugu yake apanue mlango, nikubali mbele ya watu kwamba sijui ninachofanya, ili jikoni pasiwe na kelele. Amani ya nyumba hii inanunuliwa, na kila siku mfuko unaotolewa ni wangu.

Sikupiga kelele. Nimemwambia, "Maliza viatu vyako." Nikarudi stoo. Ile soya nikaitoa kwenye chakula, nikawachanganyia mashudu zaidi, nikawasha moto nyuma ya banda, mbali na nyumba, chini ya bati bovu. Nimekaanga soya ambayo haijasagwa mpaka mvua ilipoanza tena. Moshi umenitoa machozi na nimefurahi kwamba ulikuwepo wa kusingizia.

8 Aprili

Sikumtii. Nimekwenda jikoni kwa mama mkwe na mabakuli mawili. Moja soya niliyokaanga jana, lingine ile yake ambayo haijafika mashineni. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

"Mama, tafuna hii. Sasa tafuna na hii."

Akatafuna zote mbili, taratibu, akanitazama. "Hii tamu. Hii mbichi. Kwani tunawapikia wageni? Mbegu ikishapita motoni imekufa, mama Bonge. Ipande uone kama itaota. Wewe unataka kumpa kifaranga kitu kilichokufa halafu akue?"

Nimeishi na mwanamke huyu mwaka wa tatu na sikujua kwamba anachosema kina mantiki yake. Ni makosa, lakini kina mantiki. Nikamweleza: uhai huo anaousema ndio unaomkaba kuku tumboni. Mbegu inajilinda isiliwe. Moto unaivua silaha. Nikamwambia wakati wa soya yangu walikua, wakati wa soya yake wamesimama, na muhogo ni uleule na majani ni yaleyale.

Akaweka mwiko chini. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Sasa kama hukutaka, mbona ulikubali?"

"Nilikubali nini?"

"Nilimwambia mwanangu siku ileile. Mwambie mkeo mimi siikaangi, naianika, akitaka, sawa, kama hataki aje tuzungumze. Akarudi akaniambia, 'Nimemwambia, amekubali.'"

Moto ukawaka chini ya chungu na hakuna aliyeushughulikia.

"Hakuniambia, mama."

"Amesema umekubali!"

"Hakuniambia."

Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kumchapa mtu. "Mtoto mpumbavu," akasema. Kisha, "Nilimzaa mwenyewe, sina wa kumlaumu." Nilitaka kucheka nikashindwa. Hasira niliyokuja nayo ilikuwa bado imejaa, ila aliyestahili kuipata hakuwa pale jikoni.

10 Aprili

Simsemeshi mume wangu zaidi ya yanayohusu mtoto. Mama yake naye hamsemeshi hata hayo. Mwenyewe anakula kwa haraka, anatoka.

13 Aprili

Kinyesi kimeanza kukauka. Wameanza kukua, lakini mpishi anakuja keshokutwa.

15 Aprili

Mpishi amekuja na mizani yake ya kuning'iniza. Mtu mnene, mpole, anapumua kwa mdomo. Sote tulikuwa bandani, shemeji mbele kuliko wote.

Alipima watatu. Akawageuza, akatazama miguu, akanusa. "Kuku wako hawanuki dawa, nimependa. Wana afya. Lakini mama, hawa bado watoto. Nikiwakata, kila mgonjwa atapata shingo." Akawarudisha chini mmoja mmoja. "Siwezi leo."

Shemeji akapiga makofi mara moja. "Haya. Makubaliano ni makubaliano. Mama, imepita au haikupita?"

Nikamgeukia mume wangu. Kila mtu aliniona nikimgeukia. Nilimpa muda. Angesema neno moja tu, lolote. Alikuwa anachokonoa tope kwenye kiatu kwa kijiti.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme mwenyewe, na najua kingetoka nini: kelele za mkwe, wangesema, anamsingizia mama. Mama mkwe akanitangulia.

"Soya niliiharibu mimi."

Shemeji akasema, "Mama, acha kumtetea."

"Nani kamtetea? Huyu na mimi hatupendani kiasi hicho. Nimesema soya niliiharibu mimi. Niliwapa mbichi, yeye alisema ikaangwe. Kabla yangu walikuwa wanakua, na sasa wanakua tena, mtu mwenye macho anaona." Akamgeukia mpishi. "Baba, wape wiki tatu."

Mpishi akawatazama kuku, akatazama watu, akaona nyumba hii si ya kuuliza maswali. "Wiki tatu naweza. Nitachukua kwingine kwa sasa."

Shemeji akasema siku ilikuwa leo. Mama yake akamwambia, "Kikao nilikifunga mimi, nakifungua mimi. Futi yako weka mfukoni."

Kisha akasimama, akamtazama mwanawe mkubwa. Hakumtaja. Alimwachia nafasi ya kusema hapo, pana, mtu mzima angepita bila kujibana. Yeye alijua, mimi nilijua. Kijiti kikavunjika, akatafuta kingine.

16 Aprili

Kumbe siku zote nilimwogopa mkali, na anayeniumiza ni mpole.

22 Aprili

Tunakaanga pamoja, mimi na mama mkwe, kwa zamu, nyuma ya banda. Bonge yuko ndani na jirani. Tunagombana kila siku. Nasema moto mkubwa, anasema mimi ndiye mvivu wa kugeuza. Leo ametafuna moja, akaitema, akaiweka nyingine mdomoni. "Bado," akasema. Kweli ilikuwa bado.

Amesema pia kwamba mwanangu ana masikio ya baba yake na haifai kumfunika sana. Bado anajua kila kitu.

28 Aprili

Kidari kimejaa. Mkono mmoja hautoshi tena kumshika. Mvua imepungua, asubuhi kuna jua la kuanika majani.

2 Mei

Mume wangu ameleta kuni kavu, amezipanga vizuri. Akaniuliza, "Bado umenuna?"

Nikamwambia, "Sijanuna. Anayenuna anasubiri kubembelezwa. Mimi nimekasirika."

"Sasa nifanye nini?"

"Ndugu yako anajua mama aliharibu soya. Hajui kwamba wewe ulijua, na ulitudanganya wote wawili. Kila akipita hapa ananitazama kama nimemsukumia mama yake mzigo. Kamwambie."

"Lakini si yameshakwisha?"

Kuni zake nimezitumia.

6 Mei

Mpishi amewachukua. Amepima, amepima tena, akacheka. "Hawa sasa ni watu wazima." Amechukua wote isipokuwa wale wachache waliochelewa sana, na ameuliza kundi linalofuata lini. Shemeji alikuwepo. Alibeba matenga mawili hadi kwenye gari bila kuambiwa, akaondoka bila kuaga. Mama mkwe akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Banda ni la mama Bonge. Imepita."

Mume wangu akanikumbatia mbele ya watu. "Tumeweza!" akasema.

Tumeweza. Nimesimama humo mikononi mwake kama gogo mpaka alipochoka.

9 Mei

Leo nasafisha banda. Nimekwangua maranda yote, nimemwaga maji ya dawa, nasugua sakafu kwa brashi ya chuma. Shemeji akaja, akasimama mlangoni, hakuingia. Nililiona hilo.

"Shemeji."

"Karibu."

"Kaka ameniambia. Ile soya. Kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba alimwambia mama umekubali."

Nikaacha kusugua. Maji yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye viwiko. Moyo ulinidunda kijinga kama wa msichana. "Amekuambia?"

"Ndiyo. Mimi nilikuwa nakufikiria vibaya, kusema kweli. Unisamehe."

"Wewe nimekusamehe." Na ni kweli, ilitoka bila kuvutwa. Kisha nikamuuliza, "Alikuja kukuambia mwenyewe, au ulimuuliza?"

Akajikuna shingo. Ni mtu wa kelele, lakini si mwongo.

"Mama alinidokeza. Nikamuuliza kaka. Nikambana sana, ndipo akasema."

"Basi yeye bado," nikamwambia. Nikachota maji mengine, nikaendelea kusugua.